Kanuni ya Saba na Mkaa wa Mama

Kanuni ya saba niliiandika mimi. Naisema mapema ili ukinisikia nafoka huko mbele usije ukadhani nilikuwa pembeni, nawaangalia wengine wakiharibu. Ipo kwenye mwongozo wetu mpaka leo, kwa maneno yangu mwenyewe: kinachofanya kazi king'ae, kisichofanya kazi kififie. Bosi aliipenda mpaka akaisoma kwa sauti mara mbili mbele ya wageni, na mimi nikakenua meno.

Tulikuwa watatu, katika chumba kimoja juu ya duka la nyavu hapa Musoma mjini. Bosi alitoka Dar na vyeti vyake. Mwalimu alitoka Butiama. Alikuwa amestaafu kufundisha sanaa, akawa anatuchorea alama na vitufe kwa mkono kabla hatujaviingiza kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa mwandishi wa kanuni, na mtoto wa nyumbani. Kazi yetu ilikuwa kutunga mwongozo mmoja wa muonekano kwa tovuti moja iliyotumiwa na vikundi vitatu: wanawake wa kijijini kwetu wanaokausha dagaa, wakulima wa Bunda na wafugaji wa Butiama. Kila kikundi kilikuwa na ruhusa ya kufungua kurasa zake na kuzibadilisha kinavyotaka bila kusubiri Musoma, na huo ndio ulikuwa uzuri wa tovuti hiyo.

Ndio ulikuwa pia ubaya wake. Watu wa Bunda walijaza maua yanayozunguka pembeni ya kila neno, na maandishi ya njano juu ya nyeupe ambayo hata ukiweka simu puani huyasomi. Watu wa Butiama walizivuta picha za ng'ombe wao zijaze ukurasa, madume ya watu yakatoka mafupi na manene kama viboko. Kijijini kwetu waliweka picha ya kwaya ya Pasaka, ikakaa hapo bila neno hata moja la maelezo. Mgeni akifungua tovuti alidhani amekosea njia mara tatu. Kwa hiyo tulikaa chini kukubaliana: herufi gani, rangi gani, picha ikae vipi, kitufe kifananeje.

Rangi peke yake zilikula siku zetu nyingi. Kijani, ina chama. Bluu, ina chama. Zambarau nayo ina chama. Mwalimu akauliza kama kuna rangi yoyote Mungu alibakiza kwa ajili ya watu wasiogombea. Tukaangukia rangi ya udongo, na hata hapo mkulima mmoja wa Bunda akasimama kulalamika kwamba udongo tuliouchagua ni wa Butiama, wa kwao ni mweusi. Nilicheka siku ile. Ningejua, ningemsikiliza vizuri mtu yule, kwa sababu alikuwa anatuambia kwamba rangi ina kwao.

Kanuni ya saba ilizaliwa kwa sababu watu walikuwa wakibonyeza vitufe ambavyo bado havijaunganishwa na kitu, halafu wanatupigia simu kututukana. Nikasema basi, kilicho hai king'ae, kilicholala kiwe kijivu, mtu ajue kwa macho tu. Rahisi, safi. Nilijiona nina akili.

Sasa nikueleze mkaa.

Kijijini kwetu, ghala la kikundi lina ukuta mmoja uliopakwa chokaa. Kila mwezi unapoandama, mwanamke mmoja huchora juu yake safu ya miduara, mmoja kwa kila siku. Siku za giza mitumbwi hutoka na taa zake, kwa sababu dagaa hufuata taa pale tu ambapo hakuna mwezi wa kushindana nayo. Siku hizo mduara hujazwa mkaa mpaka uwe mweusi tii. Siku za mbalamwezi mitumbwi hupumzika ufukweni na vichanja vya kuanikia vinakuwa vitupu, na mduara nao huachwa mtupu. Nyeusi ni kazi. Tupu ni mapumziko. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Viatu vyangu vya shule vilinunuliwa giza, sare zangu zilishonwa giza, na hakuna siku nilisikia mtu wa kwetu akiliita giza jambo baya.

Mkaa wenyewe hukaa kwenye kopo la mfuniko, na haushikwi na yeyote tu. Wanawake humchagua mtu ambaye hajawahi kusema uongo kuhusu ziwa, hata ule uongo mdogo wa kumfurahisha mgeni. Akiushika, ameushika. Mama yangu alikuwa ameushika tangu niko kidato cha pili. Hakuwa mwenyekiti, hakuwa katibu, hakuwa na kiti mbele kanisani. Alikuwa na lile kopo, na likamtosha.

Nilipomwomba tuiweke ile safu ya miduara kwenye tovuti, alisita. “Ukuta wanausomaga watu wanaotufahamu,” alisema. “Hao wa kwenye simu watausomaje?” Nikamwambia hapo ndipo kazi yangu inapoingia. Wanunuzi wa zamani walikuwa wachache na wajeuri, wanakuja wanapojisikia, wanapanga wao. Kupitia tovuti walikuwa wanaanza kutokea wanunuzi wapya, watu wa Bunda na Butiama waliozoea kuuza mahindi na mtama, ambao ziwa wamelionea barabarani tu. Hao hawajui giza wala mbalamwezi, lakini wakionyeshwa siku za kuja watakuja. Mama akafikiri siku mbili. Kisha akaenda mwenyewe kwa wanawake wenzake, kopo mkononi, akawaambia waachane na wale wajeuri, kwamba kalenda ya kwenye simu ni mkaa wake uleule. Walikubali kwa sababu ni yeye aliyesema.

Niliupiga picha ukuta, nikaichora kalenda vilevile, miduara myeusi na miduara mitupu. Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Mama mmoja muuza nafaka wa Bunda akaanza kuja na pikapu yake siku zilezile nyeusi, anapakia, anaondoka, na anawaambia wenzake. Mama yangu hakuwa na simu ya kuona tovuti, ana kitochi tu, lakini aliniambia amefurahi. Maneno hayo kwake si ya kila wiki.

Halafu bosi akafanya ukaguzi.

Mwongozo ulikuwa umekamilika, na yeye akakaa na kurasa zote za vikundi vyote, akipima kila moja kwa kanuni zetu. Sikatai, ilikuwa kazi yake. Alitutumia orodha ndefu ya marekebisho na kutuomba kila mmoja aandike “sawa” chini yake kama anakubali. Siku hiyo mimi na Mwalimu tulikuwa Butiama, tunawafundisha wafugaji kupunguza picha bila kuwafinya ng'ombe. Mchana tuliketi kusubiri nyama ya mbuzi. Orodha ikaingia kwenye simu yangu. Nilikuwa nimechoka na mabishano ya juma zima juu ya ukubwa wa herufi, nikaona mistari mitano ya kwanza inahusu herufi, nikaandika “sawa”. Mwalimu alisema atasoma akifika nyumbani. Mimi nikala nyama yangu.

Kalenda ya mama ilikuwa huko chini kabisa ya orodha. “Imevunja kanuni ya saba. Imerekebishwa.” Alikuwa ameifanya miduara ya giza iwe ya kijivu, imefifia, imelala. Ile ya mbalamwezi akaing'arisha kwa njano iliyoiva. Kwa kanuni yangu, ukurasa wa mama sasa ulikuwa unawaambia watu: njooni mwezi ukiwa mkubwa, msije giza.

Na walikuja. Yule mama wa Bunda alifika na pikapu mbalamwezi, akiwa amewaleta wenzake wawili, kila mmoja na gari lake la kukodi. Walikuta vichanja vitupu na wanawake wakifua nguo. Baadaye nilimpigia kumwomba radhi, nikamuuliza kama hakushangaa. “Ningeshangaa nini?” alinijibu kwa ukali. “Nilifikiri mwezi unawasaidiaga kuona samaki. Nyie ndio mna ziwa. Mimi nafuataga kilichoandikwa.” Alikuwa amefanya hasa tulichomwomba afanye.

Giza likaingia. Dagaa walikuwa wengi mwezi ule, mitumbwi ilirudi asubuhi imelemewa. Vichanja vikajaa, magunia yakajaa, na gari halikutokea. Mama alimpigia mama wa Bunda, akaambiwa simu inaonyesha wamefunga, na hata hivyo harudi kudanganywa mara ya pili. Wanawake wakawapigia wale wanunuzi wajeuri waliowaacha, wakachekwa. Mama alinipigia mimi pia. Alinipigia mara nne. Simu yangu ilikuwa imelazwa kifudifudi mezani, kwa sababu nilikuwa mbele ya projekta nikiwaeleza wageni kanuni ya saba.

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Anayewajua dagaa hahitaji nimwambie kilichofuata. Magunia yalipofunguliwa yalitoa mvuke na funza, na hata mfugaji wa kuku aliyeitwa aje awachukue bure aliangalia, akaziba pua, akawasha pikipiki yake. Wakafukiwa.

Niliposikia, nilipanda zile ngazi za juu ya duka la nyavu sijui kwa miguu ya nani.

“Umebadilisha kalenda ya mama yangu bila kumuuliza mtu?”

“Nilirekebisha kalenda iliyovunja kanuni,” bosi alisema. Hakuwa mkali, na hilo liliniudhi zaidi. “Siku za kazi zilikuwa nyeusi, dada. Siku za mapumziko zilikuwa nyeupe. Mtumiaji wa kawaida, popote duniani, anajua mwanga ni wazi na giza ni kufungwa.”

“Popote duniani wapi? Ulishafika kwetu? Kuna gari hapo stendi, hata nauli nisingekudai!”

“Tutafanya utafiti wa watumiaji,” alisema.

Mwalimu alikuwa akichonga penseli dirishani. Akaiweka chini. “Bosi, mimi ni mtu wa ng'ombe, wa Butiama, ziwa silijui. Lakini ningekuwa mimi ningeuliza kwanza. Kwetu tunaulizaga. Ni neno moja tu, kuuliza.”

“Na mimi niliuliza,” bosi alisema. “Niliwatumia orodha.” Akaigeuza kompyuta yake ituelekee. “Kanuni ni yake. Na hii ‘sawa’ ni yake.”

Ilikuwepo, na saa yake ya mchana, saa ya ile nyama. Nilitamani aniambie lolote lingine ili niendelee kupiga kelele. Kalenda niliirudisha kama ilivyokuwa hapohapo, kazi ya dakika chache tu. Hasira niliyokuwa nayo siku hiyo naijua hadi leo, iko kifuani upande huu. Nilimchukia kwa utulivu wake na kwa kumwita mama yangu mtumiaji. Nilimchukia zaidi kwa kuwa na haki.

Jumamosi kikundi kiliitana kwenye ghala. Nilikwenda. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Musoma: nitasimama, nitasema ni mimi, nitaeleza kanuni, orodha, “sawa”, nyama na kila kitu. Wanawake waliketi kwenye magunia matupu. Hakuna aliyenisalimia kwa uchangamfu, na sikuwalaumu. Katibu, mwanamke wa umri wangu mwenye simu kubwa na daftari, alifungua kikao kwa sala. Kisha akauliza nani ataeleza.

Nilianza kujiinua. Mama, aliyekuwa ameketi kando yangu na kopo mapajani, alinishika goti. Alilishika kwa nguvu za mtu aliyebeba ndoo za dagaa miaka thelathini. Akasimama yeye.

“Mwanangu hana kosa,” alisema. “Ni mimi nilimwelekezaga vibaya. Nilimwambia tupu ndiyo kazi. Uzee. Macho yanachanganya, na kichwa kinachanganya.”

Mama yangu hana uzee wowote kichwani. Anakumbuka mitumbwi yote iliyowahi kutia nanga pale na waliozama nayo. Nilimtazama, na ningeweza kupiga ukelele. Lakini nilibaki nimekaa. Sikiliza, sitajipamba: mkono wake ulikuwa umekwisha kuondoka kwenye goti langu. Hakuna kitu kilichonizuia kusimama isipokuwa kwamba, kwa muda ule, ilikuwa rahisi kutosimama. Nikajiambia namheshimu mzazi. Upuuzi.

Kisha mwanamke mmoja akasogea, akanyoosha mikono miwili kwa adabu kabisa, na mama akampa lile kopo. Kabla kikao hakijafungwa, mwanamke huyo alikuwa amempa katibu alishike. Hakuna aliyefoka wala kulia. Mama akasema amesikia, akafunga vizuri kitenge chake, tukatembea mpaka nyumbani. Nilikuwa nimemkasirikia na yeye pia. Nani alimtuma anikinge? Nina miaka thelathini na mbili.

Ningeliacha hapo, kwa aibu tu, kama si bosi. Muhtasari wa kikao ulitumwa Musoma kama mihtasari yote ya vikundi. Bosi aliusoma. Wiki mbili baadaye alitoa toleo jipya la mwongozo, zuri, limepangika, na chini ya kanuni ya saba kulikuwa na mfano mpya. Ilikuwa picha niliyopiga mimi, ukuta wa chokaa na miduara ya mama. Chini yake ameandika: “Mfano wa maelezo yaliyokosewa na mtumiaji.”

Mwalimu ndiye aliyeniita nione. Alinyoosha kidole tu. Nilisoma mara ya kwanza, mara ya pili, halafu nikaifunga kompyuta ya ofisi kwa kishindo mpaka watu wa dukani chini wakauliza kama kuna kitu kimeanguka. Mwongozo ule ungesomwa Bunda, ungesomwa Butiama, na kila kikundi kitakachojiunga baadaye. Mama yangu angekaa humo milele, amekosea, kwa mwandiko wetu mzuri na rangi yetu ya udongo. Nilimwambia bosi aiondoe. Akasema ataiondoa akipata muhtasari mwingine unaosema tofauti, kwa sababu yeye anafuata kumbukumbu za kikundi. Nikashuka ngazi, nikaenda stendi.

Niliwakuta wengi wao vichanjani, asubuhi ya siku nyeusi, wanageuza dagaa. Mama hakuwepo, alikuwa shambani. Nikasimama kati ya vichanja na kusema yote, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kanuni ni yangu. “Sawa” ni yangu. Simu ya mama sikuipokea. Mama hajanielekeza vibaya hata siku moja. Niliwaomba waandike muhtasari mwingine, na niliwaomba wamrudishie mkaa wake.

Waliendelea kugeuza dagaa. Katibu alijipangusa mikono, akanijia.

“Tulijuaga,” alisema.

“Mlijua nini?”

“Dada, miezi ya kwanza kalenda yako kwenye simu ilikuwa sawa na ukuta. Mimi nilikuwa naangaliaga. Mtu aliyeelekezwa vibaya anaanzaje sawa halafu anakosea baadaye? Kila aliyekuwepo siku ile alijua. Tulikuwa tunakungoja wewe usimame.”

“Sasa kwa nini mlimnyang'anya?”

Alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza ameona kuwa kweli sijui. “Hatukumnyang'anya kwa sababu ya kalenda,” alisema. “Alisema uongo kuhusu ziwa akiwa ameshika kopo mkononi. Tulimsikia wote. Huo uongo wake haufutwi na ukweli wako wa leo.”

Muhtasari waliandika, siku hiyohiyo, na katibu aliniomba niusome kabla hajautuma. Ulikuwa na kila kosa langu kwa mpangilio wake. Bosi, nimtendee haki, aliiondoa ile picha kabla ya jioni, na kanuni ya saba nimeiandika upya: kabla ya kung'arisha au kufifisha kitu cha watu, waulizwe watu hao. Mwalimu anasema ndiyo kanuni pekee ya mwongozo mzima asiyohitaji kuichorea picha.

Mkaa haukurudi. Kila mwezi unapoandama, katibu huchora, na mstari wake hupanda kidogo upande wa kulia. Mama huenda kuangalia. Husimama mbali na ukuta, mikono nyuma, anaihesabu miduara yote kwa midomo bila sauti, na ikiwa sahihi anarudi nyumbani. Hajawahi kunilaumu. Mara moja tu, tukiwa tunamenya mihogo, nilimuuliza kwa hasira kwa nini hakuniacha nisimame siku ile.

“Nilikuacha,” alisema. “Nilikushika goti mpaka niliposimama. Baada ya hapo nilikuacha.”